Mistari Miwili ya Kujieleza

Mama, shikamoo.

Udongo wa kaburi lako haujakauka vizuri, nami nimeshaitwa ofisini. Nimepewa siku tatu niandike barua ya kujieleza. Ungekuwepo ungecheka mpaka kanga ikuvuke.

Barua yako naikumbuka. Nilikuwa darasa la sita. Ulirudi nyumbani Mtoni kutoka zamu ya asubuhi, kiatu cha unesi kina damu, ukavuta kigoda uani. "Lete kalamu, mwandiko wako unasomeka." Siku hiyo aliletwa mchinjaji wa Vingunguti, kisu kimemteleza kikamchana paja. Karani wa mapokezi akawazuia waliomleta mlangoni: hakuna PF3, hakuna matibabu, waende kwanza polisi wakachukue fomu. Wewe ukamvuta ndani ukamshona. "Fomu itamkuta," ulimwambia karani.

Nilipiga pambizo kwa rula, nikijiandaa kwa kurasa nzima. Ukanitajia sentensi mbili: "Alikuwa anavuja damu. Nilimtibu."

"Ndo hivyo tu, mama?"

"Ndo hivyo tu. Jina langu liandike vizuri, wasije wakamwonea mwingine."

Walikuhamishia Kimbiji kukukomoa. Mie nikaachwa kwa mama mkubwa na dagaa wake wenye mchanga, nikakukasirikia mwaka mzima. Wewe uliondoka na sare iliyopigwa pasi, kama unayekwenda harusini.

Sasa niko kwenye hospitali ya mtu binafsi, hizi zilizoruhusiwa tena na serikali majuzi. Nilidhani huku mambo ni mengine. Karani ni yule yule, kabadilisha kiti tu. Juzi baba mmoja alikuja amembeba bintiye wa miaka sita, kagongwa na pikapu barabara ya Kilwa, mguu umechanika.

"Sista, polisi wanasema nimlete kwanza wamwone ndo watoe fomu. Nyie mnasema nilete fomu ndo mumwone. Sasa mwanangu nimpeleke wapi?"

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kupauka. Nikamchukua. Nilibana jeraha, nikatundika dripu. Daktari alipofika alikuta damu imekata. Leo asubuhi mtoto ameomba chapati.

Mkuu wangu si mtu mbaya. Ameniambia, "Andika kwamba ulisahau utaratibu, uombe radhi, yaishe." Nisipoandika hivyo, kazi sina.

Naogopa, mama, sitakudanganya. Kazi hii ndiyo pekee ninayoijua. Lakini sikusahau kitu. Utaratibu niliukumbuka vizuri kabisa, nikaupita nikiwa na akili zangu timamu, na hasira niliyokuwa nayo kwako miaka ile leo imehamia inapostahili.

Pambizo nimeshapiga, kwa rula. Sentensi zako nimezichukua zote mbili, mgonjwa tu ndiye mwingine. Kisha nimeongeza ya tatu, maana ubishi nimekuzidi: "Akija mwingine, nitamtibu."

Jina langu nimeliandika vizuri.

Pumzika, mama. Kesho naipeleka mwenyewe.

Mwanao, mwenye mwandiko unaosomeka