Nyasi Zimefika Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Nyasi zimefika dirishani. Dirishani! Wiki tatu tu za mvua na uwanja umegeuka pori. Asubuhi nimeona nyoka karibu na choo. Mdogo, lakini nyoka ni nyoka. Kosa langu nikamsimulia kifungua mimba wangu kwenye simu. Kapata la kusema! Eti hapa pametushinda tangu baba yake apate kiharusi. Jumapili anakuja na gari. Akikuta pori, tunahamia kwake mjini. Nikamwambia sihami ng'o. Nyumba hii tumeijenga wawili, tofali kwa tofali. Nikamkatia simu.

Jumanne, 5 Machi
Jirani kaniazima mbuzi wawili. Ati watamaliza nyasi! Wamekula maua yangu yote, wakamalizia na pindo la shuka kwenye kamba. Nyasi wamezinusa tu. Nimewarudisha kabla ya saa sita. Jirani kacheka mpaka kashika mbavu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeitoa stoo mashine ya mume wangu ya kukatia nyasi. Miaka yote hakutaka mtu aiguse. Natia petroli, yeye kule barazani anagonga fimbo sakafuni — ko! ko! ko! — na kuguna, maana ulimi bado mzito. Nikamwambia atulie, najua ninachofanya. Ikawaka! Nikakata mistari minne, nikajiona bingwa. Wa tano ikapiga ukelele kama paka aliyekanyagwa, ikazimika. Moshi tu.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kaifungua, katikisa kichwa. Mama, umeiua. Injini hii petroli yake huchanganywa na oili. Bila hivyo inajiunguza yenyewe. Kumbe ndicho mume wangu alichokuwa akinigongea! Nimekwenda kumwomba radhi. Kaangalia pembeni.

Jumamosi, 9 Machi
Fyekeo. Tangu alfajiri. Malengelenge viganja vyote viwili, mgongo si wangu tena. Mbele kumekwisha, nyuma bado. Na pale nilipopitisha mashine Jumatano zinachipua upya, shenzi kabisa! Mume wangu kanitazama kutwa. Jioni kanishika mkono, kaugeuza, kakitazama kiganja muda mrefu. Nikamwambia asijali, kesho namalizia, huyo mwanawe ataumbuka.

Jumapili, 10 Machi
Kaja saa nne asubuhi, mimi nilimtegemea jioni. Kakuta nusu. Nikasimama mlangoni na fyekeo langu: hatuendi, mimi na baba yako tumeshakubaliana. Hakubishana nami. Kamgeukia baba yake, kamuuliza yeye anataka nini.

Mimi sikumuuliza. Wiki nzima, hata mara moja!

Mume wangu kainuka. Kashuka ngazi moja moja, kapita katikati ya uwanja nilioufyeka, moja kwa moja mpaka garini. Kaketi kiti cha nyuma, kisha kasogea, kaniachia nafasi.

Nimejifungia chumbani na daftari hili. Nina hasira. Hasira na nani, sijui — mwanangu, mume wangu, mimi mwenyewe. Hodi ya tatu hiyo. Siitikii. Nimechungulia: mlango wa gari uko wazi, na baba wa watu kaweka kiganja juu ya kiti changu, kama anamzuia mwingine asikikalie.

Na kule nyuma bado kabisa. Mtu anaondokaje akaacha nyumba hivi?