Shemeji Alichomoa Waya Mama Akiimba Krismasi

Mama Generoza, shikamoo. Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini kutoka Bariadi, nimechoka mpaka basi, na ukiona maneno yamerukana ujue naandika huku nimekasirika.

Mume wangu Shija anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi, na mimi sina ugomvi na muziki, nilimpenda akiwa na gitaa hilohilo, ila kila sikukuu ikifika bendi nzima inahamia kwetu kwa sababu eti hawana ndugu mjini hapa, na kiongozi wao Malimi, mpiga kinanda, akishavua viatu mlangoni ndiyo basi tena, sebule imekuwa ukumbi, maspika yako juu ya meza ya chakula, ngoma zimeziba mlango wa chumba, na mimi kila nikiinamia sufuria nasikia, "Shemeji, chai bado?" "Shemeji, nyama imeiva?" kama vile nimeajiriwa, na Shija anawaitikia kutoka kwenye kochi, "Inakuja!" wakati hajui hata moto umewashwa na nini.

Krismasi iliyopita nilimwambia safari hii hapana, maana mama mkwe, Mama Nyanjige, alikuwa anakuja kutoka Ipililo kupumzika, na tangu tumzike baba mkwe amekuwa mtu wa kukaa kimya, unamuuliza ameamkaje anakujibu "salama" na maneno yameishia hapo. Shija akasema sawa, nimekuelewa. Mkesha wa Krismasi nikaona maspika yanashushwa getini.

Basi siku yenyewe tumetoka kanisani, tumekula, vijana wanajaribu mdundo wa zamani wa kilimo, mama amekaa kizingitini anabangua karanga, mara nikasikia sauti nikadhani ni redio ya jirani, kumbe ni yeye, anaimba wimbo wa kupalilia pamba waliokuwa wakiimba na kikundi chao cha kulima alipokuwa msichana. Malimi akawanyamazisha wenzake, akamsogezea kipaza sauti, akasema, "Mayu, mama yetu, rudia, usituogope." Mama akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akaimba, Mama Generoza, akaimba! Mimi nikaacha vyombo nikatoka na povu mikononi, majirani wakajaa uani, na wimbo ulipoisha mama akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu msiba.

Wakaanza wimbo wa pili, ndipo akaingia shemeji Sayi, kaka mkubwa wa Shija, ni mzee wa kanisa kule Maswa, na suti yake, na mke wake, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja ukutani akachomoa waya.

"Mama, siku ya Krismasi unaimba na walevi? Waumini wakikuona mimi nitasimama wapi?"

Kwetu hakukunywewa hata bia moja siku ile. Mama aliweka kipaza sauti juu ya kiti taratibu, akaingia ndani, na asubuhi akaomba asindikizwe stendi. Shija muda wote kaka yake anafoka alikuwa ameinama anafuta vumbi kwenye gitaa lisilo na vumbi.

Sasa Pasaka hii inakaribia na mama amenipigia simu mimi, siyo wanawe, akasema, "Nyamizi, ng'wanone, mwanangu, wale vijana watakuwepo? Wakiwepo nakuja. Wasipokuwepo nitabaki na mbuzi zangu." Shija ameshawaalika, lakini anataka nimdanganye kaka yake kwamba mwaka huu hatufanyi sikukuu. Sayi naye kanipigia, anataka nimdanganye mama kwamba bendi haipo, aje tu apumzike, hajui kwamba bila vijana mama haji, na anasema akisikia mama kashika kipaza sauti tena hatakanyaga kwetu. Malimi yeye anauliza mama anapenda kuimba juu au chini ili apange kinanda. Kila mtu anamtuma Nyamizi! Mimi nimeolewa au nimekuwa mnara wa simu?

Nikimdanganya mama naogopa atanyamaza moja kwa moja, nikisema ukweli nitaambiwa nimegombanisha ndugu wawili wa tumbo moja. Nifanyeje?

Nyamizi, Bariadi

*

Nyamizi, pole. Unawapikia watu ambao hawasemi asante, na bado wanakutuma uwasemee uongo. Hata mimi ningeandika kwa hasira.

Lakini nimeisoma barua yako natafuta neno moja sijalipata: waya ulipochomolewa, wewe ulisema nini? Umenieleza alivyofoka Sayi, alivyoinama Shija, alivyoingia ndani mama. Wewe ulikuwa umesimama pale pale. Na asubuhi mlipokwenda stendi, nani alimwambia, "Mama, tulipenda ulivyoimba"? Kama hakuna, basi mjane yule alirudi Ipililo akiamini nyumba nzima ilikuwa upande wa Sayi. Pamoja na hayo amekupigia wewe. Usiichezee imani hiyo.

Uongo usiseme, wa Shija wala wa Sayi. Sayi ana simu na ana mama. Kama anaona aibu, ampigie mwenyewe amwambie, "Mama, unanitia aibu." Tuone kama maneno hayo yatamtoka. Simwiti mtu mbaya. Naye amezika baba, na huenda inamuuma kumwona mama yake anacheka wakati yeye bado analia moyoni. Lakini huzuni yake haimpi ruhusa ya kumnyamazisha mzazi mbele ya majirani. Hilo aambiwe na Shija, ana kwa ana, aende huko huko Maswa. Mwanaume anayesimama jukwaani mbele ya harusi nzima asikuambie anamwogopa kaka yake.

Bendi ije, ila ilale gesti. Vyombo vya muziki vikae uani. Nyama wachome wenyewe, wali apike mumeo, akiunguza mtakula ulioungua, na wewe mchana wa Pasaka nisikie umekaa kwenye kiti. Umewalea vibaya watu wazima hawa, Nyamizi, halafu unashangaa wanakuita kama kengele. Sayi naye mwekeeni nafasi mezani. Asipokuja, amekataa yeye, hujamfukuza wewe.

Mama kuimba au kutoimba hakuamuliwi na wewe, wala na mzee wa kanisa yeyote. Ni sauti yake.

Sasa weka gazeti chini umpigie. Usianze na Pasaka, anza na Krismasi: mwambie ulitoka nje kumsikiliza, na kwamba ulinyamaza pale ulipotakiwa kusema. Kisha mwambie mambo yalivyo, kwamba vijana wanakuja, Sayi amenuna na wewe umechoka. Ukimaliza, funga mdomo. Muda unaobaki wote ni wake.