Ndege Walipogeukia kwa Jirani

Ubaruku,
6 Mei 2025

Dada Devota, shikamoo,

…na hapo ndipo simu ilipokata, kabla sijakwambia lile neno kubwa! Nimepiga tena mara sita, kimya. Najua simu yako imepasuka kioo na inapokea ikitaka yenyewe, ndiyo maana naandika. Barua utaletewa na kondakta wa basi la asubuhi. Mgongo unaendeleaje? Viazi vinatoka hapo barabarani Nyololo? Sisi wazima. Mimi, dada, ni mzima hadi naona aibu.

Mpunga wetu umeanza kuiva, kwa hiyo tangu alfajiri hadi jua linapozama tunakaa juu ya kichanja katikati ya majaruba, kufukuza wale ndege wadogo, kweleakwelea. Mimi na Dastan, wawili tu, na debe la kupiga na kombeo. Ananimenyea muwa. Ananiita "wangu" hata mbele za watu. Wiki ya saba ya ndoa, na bado nikisikia hatua zake kwenye tuta moyo unaruka. Usicheke!

Jana likaja kundi ambalo sijapata kuona, limefunika jua, linakuja kwetu moja kwa moja. Nikafumba macho. Lilipofika kwenye mfereji likageuka lote kwa pamoja, kama shuka linapokung'utwa, likashukia shamba la jirani yetu Evarista. Dada, nilipiga vigelegele! Nilisimama kabisa juu ya kichanja nikapiga. Nikamwambia Dastan, Mungu katupa zawadi ya harusi. Yeye aliruka chini akakimbilia kwa Evarista na debe letu.

Leo asubuhi nimemsalimia Evarista kisimani, hakuitikia. Labda hakusikia.

Mdogo wako mwenye furaha,
Rozalia


Nyololo,
10 Mei 2025

Kamwene, mdogo wangu,

Barua imefika ikinuka dizeli, lakini mapenzi yenu nimeyasoma yote, hadi wateja wakaniuliza nacheka nini. Mgongo upo. Viazi vinatoka. Mwambie shemeji muwa unaozesha meno.

Sasa nisikilize. Evarista alisikia salamu yako. Na siku moja kabla alisikia vigelegele.

Unakumbuka mwaka ule baridi ilipounguza viazi vyangu vyote bondeni, na vya Marta kule mlimani vikabaki kijani? Ulikuwa kidato cha pili. Sikumchukia Marta kwa viazi vyake. Nilimchukia kwa sababu alipita mbele ya shamba langu akiimba. Pengine aliimba tu kama siku zote. Lakini hadi leo kwaya wakianza wimbo ule, mimi natoka nje kidogo.

Ndege hukuwatuma wewe, wala hawakugeuka kwa kuwa una mume mzuri. Wangeweza kushukia kwenu. Kwa hiyo usiende kumweleza habari za ndege. Chakula pia usimpelekee, ataona unamlipa. Chukua mundu, ukamsaidie kuvuna kilichobaki. Akikutukana, wewe kata mpunga. Asipokutukana, kata mpunga.

Dada yako,
Devota


Ubaruku,
17 Mei 2025

Shikamoo dada yangu,

Natumaini mgongo umepoa. Hapa afya ipo, furaha ndiyo imepungua.

Sikukusikiliza. Nilijiona mwerevu, nikachota mchele ndoo nzima, ule mzuri wa mwaka jana wa mama mkwe, nikajifunga kitenge cha harusi, nikaenda. Evarista akaitazama ndoo, akasema kwa sauti, "Bi harusi, ile dawa yako ya ndege umeitia humu au umeibakiza nyumbani?" Wanawake waliokuwa wanapepeta wakacheka. Nikarudi na ndoo yangu kichwani. Sasa kisimani habari ndiyo hiyo: mke wa Dastan kaja na dawa kutoka kwao Mufindi.

Lakini kisima si kitu. Evarista ndiye aliyemlea Dastan mama yake alipougua kwa muda mrefu. Anamwita mama mdogo, na kila jioni alikuwa anapita kwake kabla ya kuja nyumbani. Sasa akipita anakuta mlango umefungwa. Hanilaumu. Anakula, halafu ananiambia chakula kitamu. Dada, afadhali angenifokea! Mtu ninayempenda hivi, na mimi ndiye niliyemkosesha mama.

Kesho naenda na mundu.

Mdogo wako,
Rozalia


Nyololo,
30 Mei 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Kondakta anasema hana barua. Nimemuuliza mara nne, sasa akiniona anageuzia uso dirishani. Ulikwenda? Hata kama mambo ni mabaya, andika.

Dada yako


Ubaruku,
9 Juni 2025

Dada Devota, shikamoo na unisamehe,

Mikono ilivimba, kalamu haikushikika. Nilikwenda. Siku ya kwanza Evarista alinipa mgongo tu. Siku ya pili akasema, "Unashika mundu kama mchimba viazi." Ya tatu akanionyesha namna ya kushika. Ya nne, tukiwa tumeinama, nikamwambia, "Mama mdogo, siku ile nilipiga vigelegele."

"Nilisikia," akasema. "Una sauti."

Tukaendelea kukata.

Siku zote hizo Dastan alikuwa peke yake kichanjani, na shamba letu si la mtu mmoja. Siku ya tano ndege walishukia kona ya chini wakala karibu robo. Alikuja kuniambia midomo imemkauka. Mwezi mmoja nyuma ningejitupa chini. Nikamuuliza, "Kwingine kumebaki?" Akasema kumebaki. "Basi twende tukalinde." Nilijishangaa mwenyewe. Nililia baadaye, kidogo, mgongoni mwake.

Asubuhi iliyofuata Evarista akaja na debe lake bovu, akapanda kichanja chetu bila kuomba, akakaa katikati yetu. Katikati, dada! Dastan akimenya muwa, anaula Evarista. "Nyie mnatazamana sana," anasema, "ndege wanakula." Siku tisa! Mume wangu hakunishika mkono mchana siku tisa nzima, na sijapata kumpenda kama siku hizo, alivyokuwa akicheka na mama yake mdogo huku mimi nimebanwa pembeni karibu nianguke. Kisimani nako, mwanamke mmoja alipoanza tena habari za dawa, Evarista akamwambia, "Angekuwa na dawa huyu, asingeliwa robo ya shamba." Hapo maneno yakaisha.

Jana tumemaliza kuvuna. Tumepata pungufu kuliko tulivyopanga, lakini tumepata. Evarista bado ana miezi migumu mbele yake, hilo halijabadilika. Anataka kujaribu viazi, na ananiuliza maswali nisiyoyaweza. Nimemwambia akuulize wewe mwenyewe. Kwa hiyo tandika kitanda cha pili: tunakuja kabla mwezi huu haujaisha, basi la Ijumaa tarehe ishirini na saba, mimi, Dastan na yeye. Ameuliza kama huko kwenu blanketi moja linatosha. Nimemwambia abebe mawili.

Mdogo wako,
Rozalia