Mawe ya Nyota ya Mashuke

Kilosa

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Tulipoongea ulisema uvimbe umepungua, lakini nakujua, hata ukiumwa utasema hujambo kwanza ndipo utafute pa kukaa. Mimi mzima, ila vumbi tu. Ningali na tipa ileile, napeleka kokoto kwenye barabara ya Mikumi, na jioni nikijifuta uso taulo linageuka rangi ya matofali. Malaria ilinilaza siku nne, nikapona. Nimeona niandike kwa sababu simu ina haraka, nami nina shukrani ambayo nikiisema simuni nitaikatisha katikati. Wewe unasoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo dada Mwajuma akusomee polepole, asiruke hata pale patakapomchoma.

Maana lazima nianzie hapo. Miaka minne sijakanyaga Muheza. Siku ya arobaini ya marehemu baba, mjomba alisema mbele ya watu kwamba nyumba ya dada yake Salma, yaani wewe, ni ya watoto aliowazaa Salma, na Omari ni wa Mariamu, aliyefariki akimzaa. Nilikutazama, wewe uliyenilea tangu sijaota jino. Uliinamisha kichwa, hukusema kitu. Asubuhi yake nikafunga begi. Tangu hapo tunapigiana simu, tunajuliana hali, lakini sikuwahi kukuuliza kama mjomba alisema la kwake au lenu. Niliogopa jibu.

Sasa unakumbuka ulivyonipigia mwanzo wa msimu huu. Ulisema, "Mwanangu, nimekufungulia kitabu, nimekuhesabia. Nyota yako Mashuke, nyota ya udongo, na jua ndiyo limeingia humo. Mwezi huu mkono wako uwe ardhini. Okota mawe, moyo utatulia."

Nilicheka peke yangu. Mtu anabeba mawe Jumatatu hadi Jumamosi, halafu Jumapili anaambiwa akaokote mengine. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu ndilo linalokanyaga breki. Nikaenda.

Nilimchukua Joseti, opereta wa greda, mwenyeji wa Vidunda, ambaye akishatoka kanisani hana la kufanya. Tulishuka kwenye korongo kavu kabla hujafika Mikumi, mbali na mbuga, maana kule huruhusiwi kuondoka hata na unyoya. Saa nzima mimi niliona kokoto tu.

"We Omari, unaangalia kama dereva," Joseti akasema. "Chuchumaa basi."

Nikachuchumaa. Mama, ardhi ina mambo. Kuna ulanga, unaoubandua kwa kucha tabaka kwa tabaka mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Kuna mawe meupe ambayo ndani yana ukungu kidogo. Na kuna vijiwe vya rangi nyekundu iliyokolea, vidogo kama punje za komamanga, ukikilowesha kimoja kwa mate kinawaka. Joseti anasema hiyo ni ganeti, na ndogo namna hiyo haina soko. Nikamwambia afadhali, lisije soko likaniharibia raha.

Jumapili nne sikukosa hata moja. Mawe nimeyapanga dirishani, mwenye nyumba akipita anauliza kama nataka kujenga. Usingizi umerudi, chakula kinapita. Tangu nije huku sikuwahi kuingoja siku kwa hamu hivi, na ni wewe uliyenipeleka.

Juzi nikapeleka suruali kwa Maalim Shabani, fundi cherehani wa hapa karibu na stesheni, mtu mkali lakini falaki anaijua. Nikamwuliza zimebaki siku ngapi jua litoke Mashuke.

"Mashuke yakuhusu nini wewe?"

"Ndiyo nyota yangu, Maalim."

"Tutaona. Jina la mama?"

Nikasema Mariamu, kama cheti kinavyosema. Akahesabu herufi kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja, jina langu na la mama kama ilivyo kanuni, akatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ikabaki namba ya nyota, akainua uso.

"Samaki. Nyota ya maji. Nani kakudanganya?"

"Mama."

"Huyu Mariamu?"

"Mariamu alishafariki. Aliyenilea."

"Anaitwa nani?"

Uniwie radhi kulitaja jina lako dukani kwa watu. Nikasema Salma. Akahesabu tena, na mara hii ikaja Mashuke. Akafuta chaki kwa kiganja.

"Hesabu yake haina kosa," akasema. "Ila kanuni ni mama aliyekuzaa, na mtu mwenye kitabu hawezi kuwa haijui. Huyu kasahau tu kwamba hakukuzaa."

Nilitoka pale suruali nimeiacha. Nikapanda kwenye tipa, nikafunga kioo, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Neno nililolingoja kwako mbele ya watu ulikuwa umeshalisema peke yako na kitabu chako, hakuna wa kukusikia, wala hukujua kama unalisema.

Nashukuru, Mama. Nashukuru kwa mawe, na kwa hesabu. Naomba usiirekebishe. Kwa hesabu ya Maalim nimeokota kwa nyota isiyo yangu, na mimi naona nimepata kuliko walio na zao.

Tipa inaingia gereji wiki ijayo na nimepewa ruhusa, nakuja. Nisalimie dada Mwajuma, na jirani yetu Mama Tatu anayekukanda mguu. Mjomba naye mpe salamu zangu, mwambie nitapita kwake kumwamkia. Sitakuja kudai chumba. Mkeka unanitosha, ilimradi uwe ndani kwako.

Mwanao,
Omari wa Salma