Kirusi cha Senene Wangu ni cha Ukoo Gani?

Mume wangu. Naliandika neno hilo polepole, nalisoma tena, kisha nacheka peke yangu. Mume wangu!

Tangu uondoke nyumbani Kamachumu kurudi kwenye maabara yako Mwanza, situlii. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Simu ikilia nakimbia, kumbe ni mtandao unanikumbusha kununua bando. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, unakwisha, na wewe bado hujala senene wangu.

Unakumbuka asubuhi ile? Maua ya harusi yalikuwa bado mlangoni. Niliingia nyasini alfajiri, maana huku kwetu bibi harusi humkamatia mumewe senene kwa mikono yake, na mume akishawala mbele ya ndugu zake, ndipo mke anahesabiwa wa nyumba ile. Nilitaka kikapu kijae upesi. Nikawaokota na wale waliolala tu juu ya majani, wasioruka, nikijisifu kwamba nina mikono myepesi. Nikakupigia goti, nikakupa. Mama yako alikuwa ameshabandika kikaango.

Ulichungulia kikapuni, ukamgeuza mmoja kwa kidole. "Mpenzi, hawa uliwakimbiza?"

"Wengine walinisubiri," nikakujibu.

Ulicheka mpaka ukaegemea mlango, lakini hukula. Wale wavivu walikuwa na matumbo meusi, yamelegea. Ukasema huenda wameuawa na kirusi, ukawatia kwenye vichupa vyako vya dawa. Mama akashika kiuno: "Waitu, jamani! Zawadi ya mkeo unaitia chupani? Kwani ni mkojo wa hospitali?"

Nilikwenda kulia jikoni. Ukanifuata, ukakaa kwenye kigoda changu, magoti yako yakakaribia kidevu.

"Baba yako aliponiona mara ya kwanza aliniuliza nini?"

"Ukoo wako."

"Kwa nini hakutazama pua yangu tu?"

Kwa sababu watu wa koo mbalimbali hufanana. Virusi navyo ni hivyo hivyo, ukasema. Kwa umbo, vingi ni viduara vidogo ambavyo huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo mnasoma vinasaba vyake herufi kwa herufi. Mnachukua jeni ambayo virusi vyote vya kundi moja vinayo, mnailinganisha na ya virusi vinavyojulikana, na vinavyokaribiana zaidi mnaviweka tawi moja, kama mtu na binamu zake. Nikakupenda upya, mimi! Sikujua mtu anaweza kueleza virusi huku anamfuta mkewe machozi kwa ncha ya kanga.

Juzi ukapiga simu. "Kirusi chako kimepata tawi! Kiko karibu na virusi ambavyo mpaka sasa vimeonekana kwa wadudu tu."

Niliruka kama senene mwenyewe. Mama akauliza kwa sauti kubwa, "Kwa hiyo atakula?"

Ukasema bado. Ukoo unaonyesha ndugu zake kirusi, lakini hauthibitishi kwamba ndicho kilichowaua senene, wala kwamba wanafaa kuliwa. Ulihitaji senene wazima wa nyasi zile zile, uone kama nao wanacho. "Watume kwa kondakta, mke wangu."

Mama akaninyang'anya simu. "Senene wa bibi harusi hawatumwi kwa kondakta! Akifika nao huko ndiye atakayekuwa mke?"

Basi leo nimewakamata. Safari hii wamenikimbiza kweli; nimeanguka, gauni lina tope, mmoja ameniuma kidole. Wauza samaki hapa stendi ya Muleba wamenipa barafu. Naja nao mwenyewe. Ukiwakuta hawana kitu na ukaridhika, utakula waliobaki mbele yangu, Mama akisikiliza kwenye simu. Ukiwakuta nacho, nitarudi nyasini msimu ujao, na ujao tena, hutanichoka?

Nilikuwa naogopa jambo moja, na sikukwambia kwenye simu. Niliogopa msimu uishe nikiwa bado mgeni nyumbani kwenu. Asubuhi hii Mama amenifungia ndizi za njiani, akanisindikiza hadi barabarani. Siku zote ameniita bibi harusi. Leo amenishika bega akasema, "Nenda, mwanangu. Umwambie nyumba hii ina watu wawili wanaomngoja." Nimemkumbatia na tope langu hilo hilo.

Basi la kutoka Bukoba halijaingia. Nakaa, nasimama, nachungulia barabara, nakaa tena. Endelea kunipenda hivyo hivyo mpaka nishuke huko.

Mkeo,
binti wa Mama yako