Kijiko cha Kwanza

Nadège mujukuu wangu,

Huku Makomeno tuko bazima, goti yangu tu ndiyo inanisumbua. Unaniuliza kama umuanzishe mutoto wako buyi, ule uji, sasa, vile mama mukwe wako anataka, ao ungojee afikishe miezi sita.

Baba yako alipokuwa mutoto, infirmière wa hospitali aliniambia miezi sita, nami nikangojea. Siku ilipofika nikapika buyi ya mahindi na karanga, nikijua ataitema. Mon Dieu! Alishika kijiko kwa mikono mbili, akameza, akalia akitaka ingine. Nilibaki mudomo wazi. Ndipo nikaelewa kwa nini tumbo lilikuwa linamuuma wiki mingi. Nikageuka. Mama mukwe wangu, niliyemuachia mutoto kila asubui nikienda kuuza sokoni, alikuwa anaangalia dirishani.

Ngojea, mama. Lakini kaa naye muongee kwanza, kwa upole. Sisi bakambo, bibi zenu, tunapenda kuonjesha kwa siri.

Siku ya buyi yako ya kwanza, mama yako pia alibaki mudomo wazi. Mwenye kuangalia dirishani nilikuwa mimi.

Kambo wako