Shimo la Kaa Kwenye Tuta la Tatu

Kambi ya Chumvi,
16 Septemba 1969

Mjomba,

Tulikuwa bado na vikapu vya chumvi mabegani, karani akaja na karatasi akaanza kusoma majina. Ukisikia lako, tua kikapu, toka. Watu thelathini na mmoja. Langu lilikuwa la tisa. Jana yake, Ijumaa, Bwana Meneja alituchinjia mbuzi wawili, akakaa chini akala na sisi kwa mkono. Akasema, "Hapa sisi ni familia moja." Jumamosi asubuhi familia ikafukuzwa.

Nimeanza na hasira hata sijakuamkia. Shikamoo mjomba. Mguu wako unaendeleaje? Shangazi na binti yenu Hadija na mtoto wake hawajambo? Mimi mwili mzima, ila roho inaniwaka.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Mwezi wa saba nilipeleka ufunguo wa mlango wa maji ofisini, nikaiona karatasi ile ile mezani. Kusoma kwangu unakujua, niliishia darasa la nne, na kichwa cha karatasi kilikuwa cha Kiingereza, lakini majina nayasoma na langu silipotezi. Nikamuuliza karani hawa ni akina nani. Akacheka, akasema, "Hao ndio watu wa Bwana." Mimi nikadhani ni zawadi, maana mavuno yalikuwa yanakuja makubwa. Mimi nisiyesema na watu, siku ile nilisema. Nikawapa wenzangu habari, mmoja mmoja, wote niliowaona kwenye karatasi na hata nisiowaona. Wakafanya kazi kama punda. Wenye homa walikuja, wakaanguka majarubani, humo humo kwenye maji ya chumvi.

Sasa nikipita wananiita Redio. "Ee Redio, leo tumepewa nini?" Mzee Athumani amenitemea mate miguuni.

Kwa hiyo walijua tangu mwezi wa saba. Sheria inasema kamati ya wafanyakazi iambiwe kwanza. Haikuambiwa. Walingoja chumvi iishe kuvunwa, na mdomo wangu mimi ndio waliotumia kutuchapa.

Nitalipiza. Usiniulize vipi.

Mpwa wako,
Dadi


Mtwara, Bandarini,
24 Septemba 1969

Mpwa wangu Dadi,

Marahaba. Mguu umevimba ila natembea nao. Shangazi yako anakusalimu. Barua yako Kasiani wa lori ameileta salama, jirani yangu Mama Yustina amenisomea, na hii ndiye anayeiandika, kwa hiyo ukijibu usitukane.

Pole sana. Lakini utalipiza vipi? Utachoma moto? Chumvi haiungui, mjomba. Utamvizia yule bwana na panga? Kumbuka mimi ndiye niliyekupeleka pale. Nilikushika mkono nikasema huyu ni mtoto wa dada yangu, hana maneno, ana macho. Ukiharibu, hawatamtafuta baba yako. Watanifuata mimi mjomba wako, na ndivyo ilivyo kwetu.

Njoo kwa afisa wa kazi, hapa Mtwara. Sema hayo ya karatasi ya mwezi wa saba. Nitakwenda nawe, hata kwa kuchechemea.

Mjomba wako,
Mfaume


Kijijini,
14 Oktoba 1969

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mguu umepungua, na Mama Yustina namwamkia pia. Mimi mzima. Nimehama kambi, nimepata chumba kijiji cha pili.

Afisa wa kazi atataka niseme mbele ya watu. Unanijua, nitatetemeka, na karani atasema nimeota. Tena sihitaji kusema. Kisasi changu ni kunyamaza.

Tuta la tatu, lile linalozuia bahari, limetobolewa na kaa, upande wa mikoko, chini ya mizizi, mahali ambapo mtu wa viatu hafiki. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nalijua lile shimo. Miaka miwili kila bamvua, kabla maji makubwa hayajaja, naingia matopeni, napiga vijiti vya mkoko, nashindilia udongo. Hakuna aliyeniagiza, nilikuwa naona tu. Chumvi yote ya mwaka huu imerundikwa nyuma ya tuta hilo, haijapakiwa.

Bamvua ya mwezi uliopita nilikwenda nikajificha mikokoni, nikatazama. Tuta lilitoa machozi tu. Ya juzi, shimo likawa la kuingia ngumi. Ijayo ndiyo kubwa kuliko zote.

Jana Bwana Meneja alikuja na Landrova mpaka mlangoni. "Dadi, kijana wangu. Jaruba la tatu lina majimaji. Wewe ulikuwa mtu wa maji. Yanatoka wapi?"

Nikamwambia, "Sijui, Bwana."

"Nitakulipa kibarua cha siku moja."

"Sijui, Bwana."

Akasema, "Nilidhani tuliachana vizuri." Akapanda gari. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Hakunipa notisi. Na mimi simpi.

Mpwa wako,
Dadi


Mtwara, Bandarini,
23 Oktoba 1969

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, mguu umeanza kusinyaa. Barua kutoka kwako sijapata tangu ile ya kwanza. Nasikia lori la Kasiani lilikufa gia Mpapura likalala pale siku nyingi, labda iko humo. Nimekaa na wasiwasi, lakini kimya nakichukua kuwa hasira imeshuka.

Nina habari njema. Hadija amepata kibarua hapo hapo kwenye chumvi, wiki hii. Wanataka wanawake ishirini wa kujaza magunia. Nilisita, kwa ajili yako, lakini mume wake hana kazi na nyumba ina njaa. Amekwenda na mtoto. Ameniletea salamu kwamba nisiwe na shaka, mchana tuta la tatu lina kivuli kizuri na ubaridi, watoto wanalazwa pale chini, sita kwenye mkeka mmoja, bibi Mwanahawa anawafukuzia nzi.

Kamwone binamu yako. Mpelekee hata samaki mmoja.

Mjomba wako,
Mfaume


Kijijini,
27 Oktoba 1969, saa saba mchana

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe mwandiko. Barua yako Kasiani amenipa sasa hivi, na hii nampa kabla hajageuza lori kurudi Mtwara.

Bamvua ni leo. Maji yanajaa saa kumi na nusu. Nilikuwa nimeshachagua mkoko wa kupanda ili nione vizuri.

Sikiliza. Bwana Meneja simwambii, hata akipiga magoti. Kuziba naweza, nikifika mapema vijiti vipo, siendi kuziba. Chumvi yake iyeyuke yote. Lakini wale wanawake hawakula mbuzi wa mtu. Nitawaambia wao, waokote watoto wapande juu kwenye barabara, wamwachie yeye magunia. Sijawahi kusema mbele ya wanawake ishirini na sijui naanzaje, na huenda wakanicheka, maana habari yangu ya mwisho, ile ya zawadi, wanaijua. Wakinicheka nitaubeba mkeka mwenyewe.

Yule bwana akijua nilijua, atakuja kwako. Mwambie ukweli.

Naondoka sasa, mjomba. Lori haliendi upande ule, kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu, na ikigonga saa tisa maji yanaanza kugusa lile shimo.

Mpwa wako,
Dadi